Maradhi Yasiyoonekana: Lugha ya Mwili, Moyo na Pepo katika Historia ya Ujiji na Pwani ya Ziwa Tanganyika



1. Utangulizi

Mhadhara huu unahusu maradhi ambayo mgonjwa huyahisi mwilini mwake lakini mpimaji hayaoni. Mtu hulalamika kwamba kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, miguu imekufa ganzi, au kuna kitu kinachotambaa tumboni. Hupimwa damu, choo na mkojo, na majibu huja kwamba hana ugonjwa. Mgonjwa hurudi nyumbani akiwa na maumivu yaleyale, pamoja na aibu ya kudhaniwa kuwa anajifanya. Utabibu wa leo unatambua kwamba maumivu ya namna hiyo ni ya kweli, na kwamba mara nyingi yanahusiana na hofu, huzuni au mfadhaiko ambao haukupata njia nyingine ya kujitokeza.

Kwa kawaida jambo hili hujadiliwa na madaktari wa akili. Madhumuni yangu ni kulijadili kwa jicho la historia na la lugha, nikianzia Ujiji na Kigoma. Ninakusudia kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba maradhi haya yana historia, nayo inafuata historia ya mateso ya watu wa ziwani. Pili, kwamba Kiswahili kilichosafiri na misafara kilibeba falsafa nzima ya mwili na nafsi katika maneno yake ya kawaida. Tatu, kwamba wanaisimu tuna wajibu katika suala hili, kwa kuwa jina tunaloupa ugonjwa ndilo linaloamua mgonjwa atapelekwa wapi, na kama atasadikiwa.

2. Ujiji, mji wa njia panda

Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Ujiji Februari 1858, waliukuta mji ambao tayari ulikuwa umeunganishwa na Bahari ya Hindi kwa njia ya misafara iliyopitia Tabora. Pembe za ndovu na watumwa walivushwa kutoka ng'ambo ya ziwa, na nguo, shanga na bunduki zilikwenda upande wa pili. Wenyeji wa nchi walikuwa Wajiji na Waha wengine. Juu yao walikuja wafanyabiashara wa pwani na Waarabu, wapagazi wa Kinyamwezi, na maelfu ya watu wa magharibi ya ziwa ambao waliitwa kwa jina moja, Wamanyema. Miongoni mwa hao wa mwisho wapo waliokuja kwa hiari yao, na wapo wengi waliokuja wakiwa mateka.

Mji kama huo ni mahali pa kukutania lugha, na pia ni mahali pa kukutania maradhi. Twafahamu kwamba pwani ya ziwa ilisumbuliwa na malaria, homa ya papasi, kichocho na, mwanzoni mwa karne ya 20, malale. Naomba tuikumbuke orodha hii, kwa sababu mwanahistoria anayezungumzia maradhi ya nafsi katika nchi yenye malale hana budi kwenda polepole. Malale huanza na homa na maumivu ya kichwa, kisha hubadili usingizi na tabia ya mtu hata akadhaniwa mwendawazimu; chanzo chake, hata hivyo, ni kijidudu kinacholetwa na mbung'o. Si kila lisiloonekana ni la nafsi. Mengine hayaonekani kwa kuwa chombo cha kuyaonea bado hakijafika.

3. Moyo uliovunjika ng'ambo ya Lualaba

Ushahidi wa kwanza ninaopenda kuuchunguza unatoka kwa David Livingstone. Alifika Ujiji Machi 1869, akavuka kwenda Manyema mwaka huohuo, na akarudi Oktoba 1871, miezi michache baada ya kushuhudia mauaji ya soko la Nyangwe. Kumbukumbu zake za safari hiyo zilihaririwa na Horace Waller na kuchapishwa 1874, baada ya kuokolewa na wenzake wa safari, akina Chuma na Susi.

Humo Livingstone anaeleza ugonjwa ambao kwake ulikuwa wa ajabu kuliko yote aliyoyaona katika nchi hiyo. Uliwapata watu waliozaliwa huru kisha wakatekwa. Mateka wa msafara mmoja walistahimili minyororo mpaka walipovushwa mto Lualaba. Walipouona mto ule mpana umekaa kati yao na kwao, walikata tamaa, na wengine wakafa katika muda wa siku chache. Walipoulizwa wanaumwa nini, hawakulalamikia kitu kingine ila moyo, nao waliweka mkono hasa mahali moyo ulipo. Wenye msafara walistaajabu, wakiona kwamba watu hao walikuwa na chakula na hawakupewa kazi nzito. Livingstone aliuita ugonjwa huo kuvunjika moyo.

Msomaji makini atakuwa na maswali mawili. Kwanza, mwandishi alikuwa mpinzani mkubwa wa biashara ya watumwa, na habari kama hii iliisaidia hoja yake huko Uingereza. Pili, mateka waliotembezwa kwa minyororo wangeweza kufa kwa homa, kuhara au upungufu wa maji, na hakuna aliyepasua maiti kutafuta sababu. Maswali haya ni ya haki. Hata hivyo, kiini cha habari ni namna wagonjwa walivyouonyesha ugonjwa wao. Livingstone alikuwa daktari, na alichoona cha kuandika ni kwamba mkono uliwekwa mahali pake. Utabibu wenyewe umesogea karibu na mkono ule: mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza udhaifu wa ghafla wa misuli ya moyo, ambao baadaye ulionekana kuwapata watu waliopatwa na msiba au hofu kubwa. Sisemi kwamba huo ndio uliowaua mateka wa Lualaba. Nasema tu kwamba mpaka kati ya huzuni na moyo wa nyama si mgumu kama tulivyofundishwa.

Kwa mwanaisimu kuna jambo la ziada. Katika Kiswahili cha leo, kuvunjika moyo ni kukata tamaa tu: mwanafunzi aliyefeli amevunjika moyo, na timu iliyofungwa imevunjika moyo. Neno limepoa. Lakini moyo katika lugha yetu umebaki kuwa kiungo na makao ya nia kwa wakati mmoja. Twasema moyo unauma, moyo mzito, kujipa moyo, kula kiapo kwa moyo. Mgonjwa anayemwambia mhudumu wa zahanati kwamba moyo unamuuma, kwa hiyo, huenda anasema mambo mawili kwa neno moja, na hajui kwamba anatakiwa kuchagua.

4. Kichomachoma

Mfano wa pili unamhusu mgeni. Oktoba 1858, katika safari ya kurudi kutoka ziwani, Speke aliugua ghafla katika nchi ya Unyamwezi. Alihisi kuchomwa kifuani kama kwa chuma cha moto. Maumivu yakaenea moyoni, mapafuni na kwenye ini. Kisha zikafuata ndoto za kutisha za wanyama wakali na mashetani, na mishtuko ya mwili mzima iliyofanana na kifafa. Burton aliandika kwamba ugonjwa huo ulikuwa na jina katika nchi hiyo, naye akaliandika kichyoma-chyoma na kulifasiri kuwa vyuma vidogo.

Wataalamu wa baadaye wamependekeza sababu mbalimbali za ugonjwa huo, na sina haja ya kuwa mwamuzi kati yao. Kinachonivuta ni jina. Nadhani Burton alisikia chuma mahali ambapo msemaji alikuwa na kuchoma. Sisi tunalo neno kichomi, maumivu ya kuchoma ubavuni, ambalo limekuwa pia jina la homa ya mapafu. Na kukaririwa kwa shina, kichomachoma, ni njia yetu ya kawaida ya kuonyesha tendo lijirudialo. Jina halisemi chochote kuhusu chanzo. Halitaji mdudu, mchawi wala pepo. Linataja hisia jinsi ilivyo, na kumwachia mganga kazi ya kutafuta chanzo. Hilo ni fundisho la kwanza tunalolipata katika istilahi za misafara: lugha ya wenyeji iliweza kumwamini mgonjwa kabla ya kumweleza.

5. Mpagazi na aliyepagawa

Sasa tuingie katika neno zito kuliko yote, pepo. Katika sehemu nyingi za mwambao, na katika miji ya bara iliyofuata utamaduni wa mwambao, maradhi ya mwili yasiyotibika kwa dawa za mizizi yalihesabiwa kuwa ya pepo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, alieleza kwa Kiswahili fasaha namna pepo walivyopungwa. Mwaka 1936 Hans Koritschoner, ambaye baadaye alijulikana kama Hans Cory, alichapisha makala juu ya ngoma ya sheitani ya Tanganyika, na katika kichwa cha makala akaiita tiba ya maradhi ya nafsi. Mwaka 1955 R. E. S. Tanner alichapisha uchunguzi wa maradhi ya aina hiyo katika uganga wa Kisukuma. Ndiyo kusema kwamba hata katika enzi ya ukoloni walikuwapo walioona kuwa ndani ya ngoma palikuwa na utabibu.

Ujiji ilikuwa na desturi za pande tatu. Upande wa Buha ulikuwapo ubandwa, ambao unaenea mpaka Burundi na Rwanda, pamoja na majina ya Kiranga na Ryangombe. Upande wa mwambao ulileta pepo na majini. Na upande wa ng'ambo, Wamanyema walikuja na vyama vyao. Sheryl McCurdy, katika tasnifu aliyoiwasilisha katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 2000, alifuatilia vyama vya uganga na uzazi vya Wamanyema wa Kigoma kuanzia mnamo 1850 hadi 1993. Utafiti wake unatuonyesha kwamba suala la uzazi lilikuwa katikati ya vyama hivyo. Watawala na wamisionari waliitazama Ujiji kama mji wa watu wanaopungua, wakaandika juu ya maradhi ya zinaa na tabia za wanawake. Wanawake wenyewe walilibeba tatizo hilo katika miili yao, nao wakalipeleka penye chama.

Tufikirie maana ya jambo hili. Mwanamke aliyeletwa kutoka ng'ambo akiwa mateka, au binti wa mateka, hakuwa na ukoo wa kumtetea. Kupata mtoto kulikuwa ndiyo njia ya kuota mizizi mahali pageni. Asipopata, tumbo lilimuuma, mgongo ulimuuma, usingizi ulimkimbia. Chama kilimpa vitu vitatu ambavyo dawa ya chupa isingempa: jina la kinachomsumbua, kundi la wenzake waliopitia hayohayo, na ruhusa ya kudai. Pepo akishapanda kichwani huulizwa anataka nini, naye hutaja nguo, chakula, manukato au ngoma. Mke ambaye hawezi kumwomba mumewe kanga aweza kuombewa na pepo wake, na mume akalazimika kusikiliza.

Hapa ndipo lugha inapotufungulia mlango. Kamusi zetu huweka chini ya kitenzi pagaa maana mbili: kuchukua mzigo begani, na kuingiwa na pepo. Kutokana na maana ya kwanza tumepata mpagazi, mtu aliyebeba pembe na marobota kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo. Kutokana na ya pili tumepata kupagawa. Yawezekana mtu akasema ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati. Lakini tazama msamiati unaoyazunguka. Pepo humpanda mtu. Aliyepandwa huitwa kiti. Pepo hukaa, kisha huteremka. Mfumo mzima wa lugha ya pepo ni mfumo wa mzigo na mbebaji. Katika mji ambao utajiri wake wote ulipita juu ya mabega ya watu, hata maradhi ya nafsi yalizungumzwa kwa sarufi ya upagazi: aliyepagawa amebebeshwa kitu ambacho hakukichagua, na hataweza kukitua mpaka mwenye mzigo atajwe.

6. Kicheko cha Kashasha

Mtu asidhani kwamba mambo haya yaliisha pamoja na misafara. Mfano wa Tanzania unaofahamika zaidi ulimwenguni ulitokea kando ya ziwa lingine, karibu na Bukoba. Tarehe 30 Januari 1962, wiki saba tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya misheni ya Kashasha walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Kufikia tarehe 18 Machi, shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Wasichana walipopelekwa makwao hali ilienda nao. Katika kijiji cha Nshamba watu 217 walipatwa katika miezi ya Aprili na Mei.

Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, walioandika taarifa ya tukio hilo mwaka 1963, walipima damu na maji ya uti wa mgongo, wakachunguza chakula, na hawakupata sumu wala kijidudu. Walihitimisha kwamba ni ugonjwa wa nafsi ulioambukizwa kwa kuonana na kusikiana. Magazeti ya dunia yaliligeuza jambo hilo kuwa kichekesho, yakalipa jina la janga la kicheko. Wenyeji walisema endwara y'okusheka, ugonjwa wa kucheka. Tofauti ya majina haya mawili ni kubwa. Jina la magazeti linaweka mkazo kwenye kicheko. Jina la Kihaya linatangulia kusema kwamba huu ni ugonjwa. Na kwa hakika palikuwa pia na kilio, woga, fujo na mateso ya siku nyingi. Wa kwanza kupatwa walikuwa wasichana waliokaa bwenini, chini ya kanuni kali, katika mwaka ambao matumaini ya taifa zima yalikuwa yamewekwa juu ya vijana waliosoma. Mwili wa msichana ulisema kile ambacho kinywa chake hakikuruhusiwa kusema.

7. Tatizo la istilahi

Nageukia sasa kazi yetu wenyewe. Ulaya nayo ilikuwa na jina lake la maradhi haya, histeria, lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mji wa mimba. Jean-Martin Charcot aliyachunguza katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, na mwaka 1895 Josef Breuer na Sigmund Freud walichapisha kitabu chao juu yake. Mwaka 1980 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliliondoa jina hilo, ambalo lilikuwa limegeuka tusi kwa wanawake. Toleo la 2013 lilikwenda mbali zaidi: halikutaka tena daktari athibitishe kwamba dalili hazina sababu ya kimwili; lilimtaka atazame uzito wa mateso ya mgonjwa na namna yanavyotawala maisha yake. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 imefuata mwelekeo uo huo.

Na sisi je? Kamusi zetu za Kiingereza na Kiswahili zimeliweka neno umanyeto mahali pa histeria. Silipingi kwa sababu ya umbo lake. Nalitilia shaka kwa sababu sikio la Mswahili husikia humo kunyeta, yaani maringo ya mtu asiyeridhika. Tungekuwa tumeliacha tusi la Kigiriki na kutunga la kwetu. Kwa upande mwingine, kutumia pepo katika vitabu vya tiba kungemfunga daktari katika imani ambayo si kila mgonjwa anayo, Mwislamu, Mkristo au mwenye dini ya jadi.

Yapo pia mazingira ambamo jina la pepo laweza kuua. Degedege la mtoto kwa muda mrefu limefikiriwa kuwa la pepo au la ndege wa usiku, nalo mara nyingi ni malaria kali. Utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapishwa 1996 ulionyesha jinsi jina lilivyoelekeza safari: mzazi aliyeamini ni degedege alikwenda kwanza kwa mganga wa jadi, na mtoto akachelewa kupata dawa. Na pale ambapo maumivu yasiyoelezeka huitwa uchawi, anayelipa gharama huenda akawa bibi kizee wa jirani.

Hata hivyo, kuwadharau waganga si jawabu. Mwaka 2003 Mdimu Charua Ngoma na wenzake walichapisha utafiti wa Dar es Salaam uliolinganisha wagonjwa wa zahanati na wagonjwa wa waganga wa jadi. Matatizo ya kawaida ya nafsi yalipatikana kwa asilimia 24 ya wagonjwa wa zahanati, na kwa asilimia 48 ya wale wa waganga. Wenye maumivu ya namna hii, basi, huenda kule wanakosikilizwa kwa lugha wanayoielewa.

Pendekezo langu ni kwamba tuifuate kanuni ya kichomachoma. Istilahi itaje hisia na mateso, isitangulie kutoa hukumu ya chanzo. Tukisema maradhi ya mfadhaiko wa mwili, au dalili za mwili zenye mzigo wa nafsi, tutakuwa tumetumia maneno ambayo mkulima wa Kasulu na mvuvi wa Kibirizi wanayafahamu, bila kumwita mtu mwongo wala mwenye pepo. Kabla ya kuyasanifisha, yajaribiwe kwa wagonjwa wenyewe, kwa Kiswahili cha ziwani chenye Kiha na Kibembe ndani yake.

8. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, pwani ya Ziwa Tanganyika haijaacha kupokea watu waliovuka maji wakiwa na mizigo isiyoonekana. Walikuja kutoka Burundi mwaka 1972 na 1993, na kutoka Kongo mwaka 1996, mwaka ambao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa. Mwezi Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi walikusanyika katika kijiji cha Kagunga, na meli ya Liemba, iliyojengwa na Wajerumani kabla ya kuzamishwa na kuopolewa, ikafanya kazi ya kuwavusha hadi Kigoma. Kipindupindu kilizuka, nacho kilipimwa, kikahesabiwa na kutibiwa, kwa kuwa kinaonekana. Lakini kati ya waliovuka hawakukosa wale ambao maradhi yao yalikuwa ya namna ya Lualaba.

Watu hao wanapofika mbele ya meza ya mhudumu, husema kwa Kiswahili, mara nyingi Kiswahili cha kujifunza njiani, kwamba kichwa kinawaka, mgongo umekatika, moyo unauma. Mhudumu ana dakika chache na foleni ndefu. Ikiwa vitabu alivyosomea vimemfundisha kwamba maneno hayo ni maelezo mabovu ya ugonjwa, atawapa vidonge vya maumivu na kuwaita wanaofuata. Ikiwa tumemfundisha kwamba hayo ni maelezo kamili, yenye historia ya miaka zaidi ya 150 katika pwani hii, atauliza swali la pili: mzigo huu uliupagaa wapi?

Kumwandalia mhudumu yule maneno ya swali hilo ni kazi yetu sisi wa taaluma za Kiswahili.